Chumba Chenye Mlango: Historia ya Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi Tanzania

Kaunta ya kituo cha polisi ni mahali pa watu wengi. Aliyeibiwa simu, dereva wa bodaboda aliyekamatwa, ndugu waliokuja kumwekea mtu dhamana na askari wanaopokezana zamu, wote hukutana mbele ya meza moja na kitabu kimoja cha taarifa. Kwa miaka mingi mwanamke aliyebakwa, au aliyepigwa na mumewe hadi kuvunjika mkono, alitakiwa kueleza yaliyompata papo hapo, huku walioko kwenye foleni wakimsikiliza. Wengi waligeuka kabla ya kuingia. Walioingia hawakukosa wa kuwaambia warudi wakayamalize nyumbani.

Dawati la Jinsia na Watoto lilianzishwa kuibadili hali hiyo. Kuanzia 2008 Jeshi la Polisi Tanzania limekuwa likitenga chumba, askari na utaratibu maalumu kwa ajili ya makosa ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Historia yake inaonyesha jinsi sheria zilizokuwa zimeandikwa tayari zilivyohitaji watu wa kuzitembeza: mtu wa kusikiliza, mtu wa kupeleleza, gari la kumfuata mtuhumiwa na daktari wa kuandika alichokiona.

Kabla ya dawati, 1971–1998

Sheria haikuwa kimya kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, ilikwisha kutamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu hicho kilikaa vitabuni kwa miongo kadhaa huku mwanamke aliyepigwa akihesabiwa kuwa na ugomvi wa kifamilia, jambo la wazee na washenga.

Sauti ya kudai mabadiliko ilitoka kwanza kwa wanawake wenyewe. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa 1987 na kuanza kuandika waziwazi habari za vipigo na ubakaji. Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na udhalilishaji wa wanafunzi wenzake wa kiume. Kifo hicho kiliitikisa nchi. Wanasheria wanawake waliokusanyika ndani ya chama chao, TAWLA, pamoja na wanaharakati wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, uliozaliwa 1993, waliingia katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 1995 Mtanzania Gertrude Mongella aliongoza sekretarieti ya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, na azimio la mkutano huo likaipa kila serikali wajibu wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake.

Matunda yalionekana 1998. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyojulikana kwa kifupi cha SOSPA. Iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la ubakaji, ikafanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na ikairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake iwapo itaridhika kwamba anasema kweli. Baadaye Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, ilikaza msimamo huo: ushahidi ulio bora katika kosa la ubakaji ni ule wa mtendewa mwenyewe.

Sheria kali ikawepo. Lakini mtendewa huyo, ambaye neno lake sasa lilikuwa nguzo ya kesi, bado alilazimika kulisema mara ya kwanza pale kaunta.

Kuasisiwa, 2006–2010

Mwaka 2006 Said Mwema aliteuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Katika uongozi wake Jeshi lilianza programu ya maboresho iliyosisitiza weledi, teknolojia na polisi jamii, yaani ulinzi unaowashirikisha wananchi. Ndani ya mwelekeo huo, 2007, kilizaliwa chombo ambacho ndicho mlezi wa dawati hadi leo: Mtandao wa Polisi Wanawake Tanzania, TPFNet.

Mtandao huo uliwaunganisha askari wa kike wa vyeo vyote, kuanzia konstebo hadi maofisa wa juu, kwa shabaha mbili zilizokwenda sambamba. Ya kwanza ilikuwa kuinua nafasi ya mwanamke ndani ya Jeshi lenyewe. Ya pili ilikuwa kuboresha huduma kwa wanawake na watoto wanaofika vituoni.

Mfano wa vituo vya aina hiyo ulikuwepo kwingine. São Paulo nchini Brazil ilifungua kituo cha polisi cha wanawake mwaka 1985. Ghana iliunda kitengo chake cha polisi cha wanawake na watoto 1998, na Sierra Leone ikafuata 2001, ikitoka vitani. Tanzania haikujenga vituo vipya vya pembeni. Ilichagua kuweka dawati ndani ya kituo cha kawaida, ili mwananchi wa wilaya yoyote asilazimike kusafiri hadi mji mkubwa kutafuta huduma.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Vituo vingi vilikuwa majengo ya zamani yenye vyumba vichache, na neno dawati lilikuwa na maana yake halisi: meza moja, kiti cha askari na kiti cha mlalamikaji, katika kona ya ofisi ambayo wapelelezi wengine waliendelea kuitumia. Askari waliopangiwa kazi hiyo walikuwa na moyo kuliko vifaa. Wengine walionekana na wenzao kuwa wamepewa kazi nyepesi, kazi ya kusikiliza mambo ya ndoa. Iliwabidi kuthibitisha, jalada baada ya jalada, kwamba wanachopeleleza ni jinai kamili.

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, na dawati likapata msingi mwingine wa kisheria. Polisi, ofisa ustawi wa jamii na mahakama ya watoto sasa walitambulika kuwa viungo vya mfumo mmoja.

Utafiti uliobadili mizani, 2009–2013

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatolewa 2011. Ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kupima ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia kwa pamoja katika utafiti wa ngazi ya taifa. Matokeo yalikuwa mazito. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana alikuwa mmoja kati ya saba hivi. Kati ya wasichana waliotendewa, ni mmoja tu kati ya watano hivi aliyekwenda kutafuta huduma, na waliozipata walikuwa wachache zaidi.

Takwimu za watu wazima zilieleza jambo hilo hilo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta asilimia 39 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15.

Serikali haikuificha ripoti. Wizara zinazohusika, ikiwemo ya Mambo ya Ndani ya Nchi, zilitoa ahadi za hadharani, na kupanua madawati kukawa mojawapo. Jeshi la Polisi liliandaa mpango wa miaka mitatu wa madawati kwa kipindi cha 2013 hadi 2016, likisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yakiwemo UNICEF, UN Women na UNFPA. Miongozo ya utendaji iliandikwa, na mada za ukatili wa kijinsia zikaingizwa katika mafunzo ya askari.

Jinsi dawati linavyofanya kazi

Mlalamikaji anapofika, hupokewa na kuelekezwa kwenye chumba cha dawati. Huko askari, mara nyingi wa kike ingawa wapo pia wanaume waliofundishwa, humsikiliza kwa faragha na kupima kwanza kama yuko salama na kama anahitaji daktari mara moja. Taarifa huandikwa na kupewa namba, ile ambayo wananchi wote wanaiita RB. Kisha hupewa Fomu ya Polisi Namba 3, PF3, na kupelekwa hospitali.

Hapo muda ni kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio. Ushahidi wa kimwili hupotea haraka zaidi: kuoga kunaufuta, kufua nguo kunaufuta. Ndiyo sababu askari wa dawati hufundishwa kumweleza manusura, kwa upole na bila lawama, asibadili nguo kabla ya kuonwa na daktari, na kama amekwisha kubadili azilete bila kuzifua.

PF3 ikirudi imejazwa, jalada linaanza safari yake. Uzoefu wa mahakamani umewafundisha wapelelezi kwamba kesi huanguka kwa mambo yanayoonekana madogo. Kosa la kumbaka mtoto halithibitiki kama umri wake haukuthibitishwa, iwe kwa cheti cha kuzaliwa, kauli ya mzazi au maelezo ya daktari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aliyeijaza PF3 aitwe kuhojiwa, na fomu nyingi zimewahi kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016 nayo yalibadili namna mtoto mdogo anavyotoa ushahidi: anaweza kueleza bila kiapo, mradi aahidi mahakama kusema ukweli na kutosema uongo. Askari wa dawati anayeyajua haya humwandaa shahidi wake na jalada lake tangu siku ya kwanza.

Jukumu la kuendesha mashtaka limehamia kwa mawakili wa Serikali kufuatia Sheria ya Taifa ya Huduma za Mashtaka ya 2008. Vipimo vya vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2009. Dawati limekuwa kiungo kati ya manusura, hospitali, maabara, ustawi wa jamii na mahakama.

Mkono kwa Mkono

Kiungo hicho kilikuwa na udhaifu wake. Mtu aliyejeruhiwa alitoka polisi kwenda hospitali, akarudi polisi, akaenda ustawi wa jamii, akisimulia upya kila alipofika. Nauli ikimwishia katikati, kesi nayo iliishia hapo.

Zanzibar ilitangulia kupata jawabu. Mwaka 2011 kituo cha Mkono kwa Mkono kilianza katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako polisi, daktari na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Rwanda ilikuwa imeanzisha kituo cha Isange mjini Kigali 2009 kwa mtindo kama huo. Tanzania Bara ilifuata kwa kituo cha Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, na baadaye hospitali nyingine za mikoa na wilaya. Kwa kuwa Jeshi la Polisi ni la Muungano, askari wa dawati wa Unguja na Pemba na wale wa Bara wapo chini ya amri moja, na uzoefu wa upande mmoja huvuka bahari hadi wa pili.

Mara: dawati katika msimu wa ukeketaji

Hakuna mahali ambapo kazi ya dawati imepimwa kwa uzito kama mkoani Mara. Katika baadhi ya koo, ukeketaji huandaliwa kwa msimu, hasa Desemba shule zinapofungwa, na wazee wa kimila ndio wanaotangaza mwaka wa kufanyika. Uzito wa changamoto za ulinzi katika eneo hilo ulikwisha kulifanya Jeshi liunde mkoa wa kipolisi wa Tarime Rorya.

Wasichana wanaokataa hukimbia usiku. Wengine hufika katika kituo cha Masanga wilayani Tarime, wengine katika Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Askari wa dawati huwafuata vijijini wale wasioweza kutoroka, huwasindikiza hadi nyumba salama, na msimu ukiisha hukaa na wazazi kabla ya mtoto kurudi nyumbani. Mzazi huandika ahadi ya kutomkeketa binti yake, na polisi hubaki na nakala. Wanaokaidi hushtakiwa.

Kazi ya dawati la Mugumu ilionekana duniani kupitia filamu ya 2018 iitwayo In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier. Watazamaji waliona askari wa kike akipita barabara mbovu usiku kumfikia mtoto kabla ya ngariba. Waliona pia jinsi gari na mafuta vinavyoamua kama atafika.

Mpango wa Taifa na upanuzi, 2016–2022

Desemba 2016 Serikali ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, kwa kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo uliunganisha mipango minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kivyake, na ukaweka lengo la kupunguza ukatili kwa nusu. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziliundwa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, na polisi wakawa wajumbe.

Kufikia kipindi hicho madawati yalikuwa yamevuka 400 nchini. Katika baadhi ya wilaya yalijengewa majengo yake, yenye mlango wa peke yake, chumba cha mahojiano na sehemu ya watoto. Wazo lenyewe lilivuka mipaka ya Jeshi: madawati ya jinsia yalianzishwa katika vyuo na masokoni, na madawati ya ulinzi wa mtoto mashuleni, ili taarifa ipokewe karibu na inakotokea. Mpango wa kupeleka wakaguzi wa polisi hadi ngazi ya kata uliwapa wananchi wa vijijini ofisa wanayemjua kwa jina.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha asilimia 40 ya wanawake wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na asilimia 17 ukatili wa kingono. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 27 na 12. Mafanikio hayo ni ya wengi: walimu, viongozi wa dini, mashirika, wanahabari, mahakama. Madawati nayo yana sehemu yake katika mafanikio hayo.

Awamu za uongozi

Kila mkuu wa Jeshi aliongeza tofali lake. Awamu ya Inspekta Jenerali Said Mwema, 2006 hadi 2013, ilikuwa ya kuasisi. Ernest Mangu, aliyeongoza hadi 2017, alisimamia mpango wa kwanza wa miaka mitatu na usambazaji wa madawati. Simon Sirro, 2017 hadi 2022, aliongoza wakati wa utekelezaji wa MTAKUWWA na wa wakaguzi kata. Camillus Wambura alishika usukani Julai 2022.

Chini yao, uendeshaji wa kila siku umebebwa na mwenyekiti wa TPFNet na kamati zake za mikoa, mkuu wa dawati makao makuu, wakuu wa madawati wa mikoa na wilaya, na askari wa dawati wenyewe, ambao wengi wao ni wa vyeo vya chini na hawatajwi magazetini.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1971 | Sheria ya Ndoa yakataza kumwadhibu mwenzi kwa kipigo |
| 1987 | TAMWA yaanzishwa |
| 1998 | Bunge lapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana |
| 2007 | Mtandao wa Polisi Wanawake, TPFNet, wazaliwa |
| 2008 | Madawati ya Jinsia na Watoto yaanza vituoni |
| 2009 | Sheria ya Mtoto yapitishwa. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wafanyika |
| 2011 | Ripoti ya utafiti yatolewa. Mkono kwa Mkono yaanza Mnazi Mmoja |
| 2013 | Mpango wa miaka mitatu wa madawati waanza |
| 2016 | Marekebisho ya ushahidi wa mtoto. MTAKUWWA yazinduliwa |
| 2022 | Wizara inayoshughulikia jinsia, wanawake na makundi maalumu yaundwa upya |
| 2024 | Awamu ya pili ya MTAKUWWA, ya 2024/25 hadi 2028/29, yazinduliwa |

Yanayosubiri kukamilishwa

Fahari ya historia hii haifuti upungufu. Yapo madawati ambayo bado hayana chumba chake, na mlalamikaji huko husikilizwa huku watu wakipita. Askari aliyefundishwa anapohamishwa, ujuzi huondoka naye, na mrithi wake huanza upya. Gari la kituo ni moja na matukio ni mengi. Daktari aliyeijaza PF3 hupangiwa kituo kingine, na kesi huahirishwa akitafutwa.

Kikwazo kigumu kuliko vyote ni maelewano ya pembeni. Familia mbili hukutana, ng'ombe au fedha hutolewa, na shahidi aliyekuwa tayari huanza kusema hakumbuki. Inauma zaidi mtendewa akiwa mtoto, kwa sababu wanaomfunga mdomo ni wale wale wanaomlisha. Madawati nayo yamelaumiwa, pale askari anapogeuka msuluhishi wa kesi ya kipigo ilhali kazi yake ni kupeleleza. Ushauri nasaha ni huduma halali ya dawati. Kupatanisha mbakaji na aliyebakwa si huduma.

Awamu ya pili ya MTAKUWWA inatoa miaka mitano ya kuyashughulikia haya, na hoja ya bajeti iko wazi. Kinachohitajika kinahesabika: vyumba, mafunzo ya kudumu, askari wanaobaki kwenye dawati muda wa kutosha, usafiri na mafuta, vifaa vya kuhifadhi ushahidi, na nyumba salama katika kila mkoa.

Huduma kwa mwananchi

Dawati hupokea taarifa za ubakaji, ulawiti, vipigo vya ndani ya nyumba, ukeketaji, utelekezaji na ukatili wowote dhidi ya mtoto. Taarifa inaweza kutolewa na aliyetendewa, ndugu, jirani au mwalimu. Fomu ya PF3 hutolewa bure, na anayeombwa fedha ana haki ya kumwona mkuu wa kituo. Aliyebakwa afike hospitali au kituo cha Mkono kwa Mkono mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, akiwa na nguo alizovaa wakati wa tukio. Kwa masuala ya watoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo kutoka Bara na Zanzibar, na wanaoipokea huunganisha taarifa na ofisa ustawi wa jamii na polisi wa eneo husika.